Je, maziwa yanayoachwa mlangoni alfajiri huwa barafu wakati wa kipupwe?

UKIMWAMBIA mama wa Kinangop kwamba maziwa yameganda, hatashtuka. Huenda hata akafurahi na kuuliza kama ugali uko tayari, kwa maana kwetu sisi maziwa yaliyoganda ni mala, na mala ni chakula.

Katika nchi zenye kipupwe kikali, kuganda kwa maziwa kuna maana nyingine. Ni chupa iliyoachwa mlangoni kabla ya mapambazuko, ambayo mwenyewe anapofungua mlango asubuhi huikuta ina barafu, kifuniko chake kimeinuliwa juu kama kofia, na malai yamechomoza shingoni.

Msomaji ambaye hajawahi kuishi huko anaweza kushangaa. Maziwa yana mafuta, yana sukari yake ya asili, na yametoka kiwandani yakiwa yamepozwa tu. Je, kweli yanaweza kugeuka barafu kwa saa mbili tatu yanapomsubiri mwenyewe aamke?

Yanaweza, na yamewahi mara nyingi. Lakini si kila siku ya kipupwe, na ni nadra chupa nzima kuwa jiwe. Sababu zake zinafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwani wapo watu, hasa wazee wanaoishi peke yao, ambao kwao chupa iliyoganda mlangoni imewahi kuwa suala la kufa na kupona.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizoshikilia kwa muda mrefu desturi ya kuletewa maziwa mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, takriban sehemu tisa kwa kumi za maziwa yaliyotumiwa majumbani bado zilifikishwa na mleta maziwa. Miaka thelathini baadaye, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi chini ya sehemu moja kwa kumi, kwani watu walikuwa wamehamia kwenye maduka makubwa yanayouza maziwa kwa bei nafuu katika mitungi ya plastiki.

Chanzo cha desturi hiyo hakikuwa anasa. Katika miaka ya 1950 nyumba nyingi za Uingereza hazikuwa na jokofu. Maziwa yaliyonunuliwa leo yangeweza kuchacha kesho, hivyo ilibidi mtu apate mengine kila siku, na njia rahisi ilikuwa kumlipa mtu ayalete.

Mleta maziwa aliamka usiku wa manane. Kufikia saa kumi au saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari mitaani na kigari chake cha umeme, chombo kisichokwenda kasi kuliko baiskeli ya kijana mwenye haraka, lakini kisicho na kelele za kuwaamsha waliolala. Wanaodhani kwamba magari ya umeme yalianza juzi wangestaajabu kuona maelfu yake yakizunguka miji ya Uingereza katika miaka ya 1960. Kigari hicho aghalabu kilikuwa wazi ubavuni, na makreti ya chupa yalipigwa na upepo njia nzima.

Aliacha chupa kwenye ngazi ya mlango, akachukua tupu zilizosuuzwa na kuwekwa nje jioni, akaenda zake. Chupa ilikuwa ya kioo, ya ujazo wa painti moja, yaani mililita 568, na mdomo wake ulifunikwa kwa karatasi nyembamba ya aluminiamu. Rangi ya karatasi ilieleza kilichomo: ya fedha kwa maziwa ya kawaida yenye mafuta yake yote, ya dhahabu kwa maziwa mazito ya ng'ombe wa Jersey na Guernsey.

Saa hiyo ya kazi ndiyo inayoleta matatizo. Usiku kucha ardhi hupoteza joto lake angani, na baridi hufikia kilele karibu na macheo. Kaskazini mwa Uingereza, mwanzoni mwa Januari, jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Chupa iliyoachwa saa kumi na moja alfajiri hukaa nje kwa zaidi ya saa tatu, tena katika kipindi kile ambacho baridi ni kali kuliko wakati mwingine wowote wa usiku.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kila usiku wa kipupwe huko ni wa barafu. Kisiwa cha Uingereza kimezungukwa na bahari, na upepo utokao Atlantiki hukipunguzia makali ya baridi. Kusini mwa nchi, usiku mwingi wa Januari kipimajoto hubaki juu kidogo ya sufuri. Siku kama hizo maziwa ya mlangoni hupoa vizuri tu, kana kwamba yamewekwa kwenye jokofu. Shida huja upepo unapogeuka na kuvuma kutoka mashariki au kutoka ncha ya kaskazini, mawingu yakatoweka, na usiku ukawa mweupe kwa sakitu.

Nusu nyuzi chini ya sufuri

Maji safi huanza kuganda yanapofika nyuzi sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87; kilichosalia ni mafuta, protini, sukari iitwayo laktosi, na madini. Laktosi na chumvi zimeyeyuka kabisa ndani ya maji hayo, nazo huzuia kwa kiasi molekuli za maji zisijipange kuwa fuwele za barafu. Kwa sababu hiyo, maziwa huanza kuganda karibu nyuzi 0.54 chini ya sufuri.

Tofauti hiyo ni ndogo mno. Usiku wowote wenye baridi ya kugandisha kidimbwi barabarani una baridi ya kuanza kugandisha maziwa pia.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta ndiyo yanayoyakinga maziwa, na kwamba maziwa mazito huchelewa kuganda kuliko yale yaliyoondolewa malai. Sivyo. Mafuta hayayeyuki ndani ya maji. Huelea kama vitone vidogo sana, na kitu kisichoyeyuka hakishushi kiwango cha kuganda. Maziwa mazito na maziwa mepesi huanza kuganda karibu katika kiwango kimoja.

Kiwango hicho hubadilika kwa nadra hivi kwamba kimefanywa shahidi dhidi ya walaghai. Mtu akiongeza maji, sukari na chumvi za maziwa hupungua nguvu, na kiwango cha kuganda husogea kuelekea sufuri: kila asilimia moja ya maji hukisogeza kwa takriban nyuzi 0.005. Mwanakemia Julius Hortvet wa jimbo la Minnesota, Marekani, alibuni kifaa cha kupima tofauti hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mbinu hiyo bado inatumika katika maabara za maziwa. Wafugaji wa hapa Kenya wanaijua zaidi laktomita, ile inayotumbukizwa kwenye mkebe wa maziwa katika kituo cha kukusanyia. Yenyewe hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji, lakini lengo lake ni lile lile la kumnasa aliyepitia mtoni kabla ya kufika kituoni.

Kuanza kuganda, lakini, si sawa na kuganda. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kuipoza gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ni kazi ndogo. Kuigandisha gramu hiyo, hata ikiwa tayari imefika sufuri, kunahitaji kuondoa joto sawa na lile ambalo lingetolewa kuipoza kutoka nyuzi 80 hadi sufuri. Ni kana kwamba maji hudai ushuru mzito mpakani kabla ya kukubali kuvuka na kuwa barafu.

Tuchukue mfano. Chupa ya painti moja imeachwa mlangoni ikiwa na nyuzi 4, baridi ya nje ni nyuzi 5 chini ya sufuri, na upepo umetulia. Kwa hesabu ya kukadiria, itachukua karibu saa moja maziwa kufika kiwango cha kuganda. Kuanzia hapo barafu huanza kujengeka kwenye kuta za chupa, lakini polepole. Saa tatu nyingine zikipita, ni takriban sehemu moja kwa saba tu ya maji itakuwa barafu. Ili chupa nzima igande, ingebidi ikae hapo karibu kutwa na usiku kucha.

Baridi ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sufuri, hatua ya kwanza huchukua nusu saa tu, na katika saa tatu zinazofuata zaidi ya robo ya maziwa huwa barafu. Upepo nao ukivuma huondoa joto kwa kasi mara mbili au zaidi. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata matokeo tofauti: moja mlango wake unaelekea ukutani, nyingine unaelekea uwanja wazi.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Maji yanapogeuka barafu huiacha nje laktosi na chumvi, hivyo maziwa yanayosalia huwa matamu zaidi, yenye chumvi zaidi, na magumu zaidi kugandisha. Ndiyo sababu aliyezoea kuchukua chupa mlangoni mara nyingi hukuta uji wa barafu, si jiwe. Tena kuna nyakati ambapo maziwa yaliyotulia hushuka chini ya kiwango cha kuganda yakiwa bado kioevu. Mwenyewe anapoinua chupa na kuitikisa, fuwele hutapakaa ghafla mbele ya macho yake. Kifaa cha Hortvet chenyewe hutegemea tabia hiyo: sampuli hupozwa kupita kiasi, kisha huchokozwa ili igande kwa mara moja.

Kofia ya malai

Barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoitengeneza, kwa takriban asilimia 9. Chupa ya painti ikiganda yote, itahitaji nafasi ya ziada ya mililita 45 hivi, sawa na vijiko vitatu vya chakula. Nafasi hiyo haipo. Kiwandani, chupa hujazwa hadi shingoni.

Bahati nzuri kifuniko cha aluminiamu ni chepesi, nacho hushindwa kabla ya kioo. Barafu inapojengeka chini na kandokando, maziwa yaliyo katikati husukumwa juu. Zamani, kabla ya viwanda vingi kuanza kuvipasua vitone vya mafuta ili visitengane na maziwa, malai yote yalikuwa yamepanda shingoni usiku. Hivyo kilichotoka kwanza kilikuwa malai. Nguzo nyeupe yenye unene wa kidole gumba au zaidi ilichomoza kutoka mdomoni mwa chupa, ikiwa imebeba kifuniko kichwani. Watoto waliipenda na kuilamba kama aisikrimu. Mara chache shingo iliganda mapema ikawa kizibo, na hapo kioo kilipasuka.

Walioamka mapema kuliko watoto walikuwa ndege. Yupo ndege mdogo mwenye utosi wa samawati na tumbo la manjano, ambaye Waingereza humwita blue tit. Mwaka wa 1921, katika eneo la Swaythling karibu na Southampton, ilirekodiwa kwa mara ya kwanza kwamba ndege wa jamii yake walikuwa wakifungua vifuniko vya chupa za maziwa ili wanywe malai. Tabia hiyo ilienea nchini, na mwaka wa 1949 wanasayansi James Fisher na Robert Hinde walichapisha uchunguzi wao kuihusu, ambao hadi leo hutajwa na wanaosoma jinsi wanyama wanavyojifunza. Asubuhi za barafu kali, ndege hawakuhitaji hata kutoboa, kwa kuwa kifuniko kilikuwa tayari kimewafungukia. Wenye nyumba walijifunza kumwachia mleta maziwa kikombe au kipande cha kigae cha kufunikia chupa.

Vipupwe viwili vya karne iliyopita ndivyo vinavyotajwa zaidi wazee wa huko wanaposimulia habari za maziwa ya barafu. Cha kwanza ni cha 1947, ambapo kuanzia Januari 22 hadi Machi 17 theluji ilianguka kila siku mahali fulani nchini humo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, makaa ya mawe yalikuwa haba, na maziwa yalikuwa bado yakigawanywa kwa mgao.

Cha pili ni cha 1962 kuingia 1963. Theluji ilianza siku ya pili ya Krismasi, na tufani ya Desemba 29 na 30 ikafunika barabara za kusini-magharibi mwa England na Wales. Wastani wa joto katikati mwa England kwa mwezi mzima wa Januari ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sufuri. Bahari yenyewe iliganda karibu na ufuo wa Herne Bay, katika jimbo la Kent. Ni tarehe 6 Machi ndipo Uingereza ilipopata asubuhi ya kwanza ya mwaka huo isiyo na sakitu mahali popote. Katika majuma hayo baadhi ya waleta maziwa walifanya kazi yao wakiwa wamevaa mbao za kutelezea kwenye theluji, na swali kama maziwa huganda mlangoni halikuwa na wa kuliuliza.

Kizazi hicho kina kumbukumbu nyingine chungu, nayo ni maziwa ya shuleni. Sheria ya mwaka wa 1946 iliwapa wanafunzi wote theluthi moja ya painti bila malipo kila siku, takriban mililita 189. Makreti yalishushwa uani alfajiri na kuachwa hapo. Wakati wa kipupwe chupa ndogo kama hizo huganda haraka kuliko kubwa, kwa kuwa ujazo wake ni mdogo ilhali eneo linalopigwa na baridi ni pana kwa kulinganisha. Walimu waliziingiza darasani na kuzipanga kando ya jiko au mabomba ya joto, na kufikia wakati wa kunywa zilikuwa vuguvugu, zikiwa na vipande vya barafu vinavyoelea. Wapo wazee leo ambao hawajagusa glasi ya maziwa tangu wakati huo. Msomaji aliyepitia shule ya msingi katika enzi ya Maziwa ya Nyayo, yaliyoanzishwa hapa nchini mwaka wa 1979, atakubali kwamba kwa upande huo sisi tulibahatika.

Vipupwe vya aina hiyo vimepungua, kwani hali ya anga imeendelea kupata joto, lakini havijatoweka. Desemba 2010 ilikuwa Desemba yenye baridi kali zaidi Uingereza tangu rekodi za kitaifa zianze mwaka wa 1910, na waliokuwa bado wakiletewa chupa walikutana tena na zile kofia za malai.

Kwingineko tatizo lilitatuliwa kwa njia nyingine. Kaskazini mwa Marekani na nchini Canada, ambako nyuzi 20 chini ya sufuri si habari ya kuandikwa gazetini, kuacha chupa wazi mlangoni kungekuwa upuuzi. Nyumba nyingi zilizojengwa mapema katika karne iliyopita ziliwekewa kidirisha ukutani chenye milango miwili: mleta maziwa alifungua wa nje akaweka chupa, na mama akafungua wa ndani akaichukua bila kutoka. Wengine walitumia sanduku la bati lenye kuta nene zinazozuia joto kupita. Sanduku hilo liliyakinga maziwa dhidi ya jua la Julai na dhidi ya barafu ya Januari vilevile, maana kinachozuia joto kuingia ndicho kinachozuia joto kutoka. Huko pia desturi imefifia: mwaka wa 1963 karibu asilimia 30 ya maziwa ya majumbani yalifikishwa mlangoni, na kufikia 2005 ilikuwa chini ya asilimia moja.

Na katika mji wa Yakutsk, Siberia, ambako wastani wa Januari uko chini ya nyuzi 35 chini ya sufuri, wachuuzi sokoni huuza maziwa yaliyogandishwa kwa makusudi katika umbo la bakuli au sahani, yamepangwa mezani kama mawe. Mnunuzi hutia jiwe lake mfukoni akaenda nalo nyumbani.

Yanafaa kunywewa?

Wengi huyamwaga maziwa yaliyoganda wakidhani yameharibika, hasa wanapoona yamekuwa na rangi ya manjano hafifu, au yanapoyeyuka yakiwa na vinyunya. Mara nyingi huwa wametupa chakula kizuri.

Fuwele za barafu hupasua utando unaovizunguka vitone vya mafuta, na mafuta hayo huungana yakaelea. Protini nazo hushikana na kufanya chembechembe. Rangi ya manjano hutokana na vitamini iitwayo riboflavini, ambayo maji meupe yanapojitenga kama barafu huonekana wazi zaidi. Haya yote hubadili sura na ladha, lakini hayadhuru. Dawa yake ni kuyaacha maziwa yayeyuke polepole ndani ya jokofu, kisha kuyatikisa vizuri. Katika chai, uji au keki, huwezi kujua yalikuwa barafu.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, baridi haiui bakteria wengi, huwalaza tu. Maziwa yaliyoyeyuka yakakaa kwenye joto huharibika kama maziwa mengine. Pili, kifuniko kikiwa kimeinuka au kimetobolewa, hakuna anayejua nani alitangulia kunywa. Mapema katika miaka ya 1990, watafiti nchini Uingereza walihusisha visa vya ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na bakteria wa Campylobacter na unywaji wa maziwa ambayo vifuniko vyake vilikuwa vimedonolewa na ndege kama kunguru wadogo. Chupa kama hiyo haifai kupewa mtu yeyote, seuze mtoto.

Chupa mbili mlangoni

Liko jambo moja ambalo waleta maziwa walilijua kuliko wanafizikia. Kwa kuwa kuganda huchukua saa nyingi, barafu iliyomo ndani ya chupa hueleza mlango umekaa bila kufunguliwa kwa muda gani.

Chupa ya leo yenye uji wa barafu shingoni haina habari yoyote. Mwenyewe bado amelala. Chupa ya jana iliyoganda hadi chini, kifuniko kikiwa kimeinuka na sakitu ikiwa imeota juu yake, ni habari nyingine. Maana yake ni kwamba mtu aliyezoea kuchukua maziwa kila asubuhi hajachukua.

Katika nchi ambayo wazee wengi huishi peke yao, watoto wao wakiwa miji ya mbali, habari hiyo ina uzito. England na Wales hupoteza maelfu ya watu zaidi katika miezi ya baridi kuliko katika miezi mingine, wengi wao wakiwa wazee wenye maradhi ya moyo na ya kifua. Mzee akianguka jikoni usiku akavunjika nyonga, katika nyumba isiyo na joto la kutosha, kila saa inayopita humpunguzia nafasi ya kupona. Si mara moja magazeti ya huko yameripoti kwamba aliyegundua alikuwa mleta maziwa.

Wakenya wengi waliokwenda Uingereza kutafuta riziki wameajiriwa katika kazi ya kuwatunza wazee hao. Wao huingia kwa zamu: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, na mzee asiye kwenye orodha yao hawamjui. Mleta maziwa hakuwa na orodha ya wagonjwa. Alipita kila mlango, wa mzima na wa mgonjwa, siku sita au saba kwa juma. Desturi yake ilipofifia, hakuna aliyeajiriwa kuchukua nafasi ya macho yake.

Wakati wa marufuku ya kutoka nje mwaka wa 2020, watu wengi waliogopa maduka na wakarudi kwa waleta maziwa, ambao ghafla walipata wateja wengi kupita walioweza kuwahudumia. Siku hizi oda hufanywa kwa simu au intaneti, na aghalabu chupa huletwa mara tatu kwa juma badala ya kila siku. Ni nafuu kwa biashara. Lakini chupa ya Jumatatu ikiachwa bila kuchukuliwa, ni Jumatano ndipo mtu ataiona.

Waliobaki katika kazi hiyo wana utaratibu wao usioandikwa popote. Anapofika alfajiri na kukuta chupa ya safari iliyopita ingali pale, imeganda, mleta maziwa haachi nyingine kando yake. Hubisha hodi kwanza. Asipoitikiwa, huchungulia kwenye tundu la barua, kisha huenda kumwamsha jirani.